Mama alipoandikiwa tiba ya umeme, ukoo mzima tulikaa kikao Buswelu

Binti wa Mwaloni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza humu kama ni kweli hospitalini wagonjwa wa akili wanapigwa shoti. Majibu yalikuwa mengi na yote ya kutisha, na nilipoyasoma sikuona hata mmoja aliyesema ameuguza. Mimi nimeuguza. Mgonjwa ni mama yangu mzazi. Amenipa ruhusa niandike kwa sharti moja, kwamba nisifiche mabaya. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mama ana miaka 58, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, anauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, tangu mimi niko darasa la pili. Baba alishafariki. Mwaka juzi mwezi wa nne alianza kuamka saa nane usiku na kukaa tu kitandani mpaka kunakucha. Tukajua ni mawazo ya biashara. Mwezi wa sita akaacha kwenda mwaloni. Ukimuuliza kitu, jibu linakuja baada ya muda mrefu, kwa kunong'ona. Mwezi wa saba akaanza kusema utumbo wake umeoza, na kwamba tusimpikie kwa sababu chakula hakimpi maiti faida. Alikuwa na kilo 71, akafika 49.

Tulikopita sitapasimulia kwa urefu, wengi mnapajua. Mganga wa upande wa Magu, mbuzi wawili. Maombi ya siku 21. Kisha hospitali, wakasema ni sonona kali iliyofika hatua ya kumpa mtu imani zisizo za kweli. Akaanzishiwa vidonge vya amitriptilini kwa wiki sita, ikabadilishwa akapewa fluoksetini pamoja na olanzapini. Huko katikati akaacha kula kabisa, akaacha na maji. Akawekewa dripu. Hapo ndipo daktari akasema kuna tiba inayofanya kazi haraka kuliko dawa kwa mtu aliyefikia hali hii, madaktari wanaiita ECT, ni ya umeme kichwani akiwa usingizini, unaoutikisa mwili kwa muda mfupi kama degedege, na kwamba twende tukaongee kama familia.

Tulikaa Buswelu, watu kumi na mmoja.

Nataka muelewe kitu kimoja kuhusu neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu umeme ni ule wa nguzo za TANESCO, na umeme ni ule wa mawinguni unaokuja na radi. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, hivyo si vitu viwili. Huku radi inapiga sana. Inaua wavuvi, inaua ng'ombe malishoni, na kila ikipiga kuna jirani anatajwa kwamba ndiye aliyeituma. Kwa hiyo daktari aliposema tiba ya umeme, baba mdogo hakusikia hospitali. Alisema hivi, nayakumbuka maneno yake: "Kaka yetu mkubwa aliuawa na umeme Ukara, tukamzika nyumba yake haijaezekwa. Leo nimpeleke shemeji yangu akapigwe umeme makusudi, tena nilipe hela?"

Shangazi hofu yake ilikuwa nyingine. Yeye alishika lile la mwili kutikisika. "Hicho si kifafa? Ukoo huu hauna kifafa. Mkimtia kifafa mama yenu, hawa wasichana nani atawaoa?" Mdogo wangu aliyekuwa chuoni alikuwa na video kwenye simu, mtu amefungwa mikono anapiga kelele. Mjomba ambaye ni mlokole alitaka tuongeze siku nyingine 21.

Nilimpigia daktari, tukaweka spika. Aliongea kama dakika ishirini. Alieleza usingizi, alieleza kwamba mgonjwa hasikii maumivu. Baba mdogo akamkatisha: "Daktari, na ubaya wake?" Nilijua atakwepa. Hakukwepa. Alisema: mama atasahau mambo mengi ya kipindi hiki cha ugonjwa na cha matibabu, na kuna mambo ya nyuma zaidi yanaweza yakafutika yasirudi. Ataumwa kichwa. Kuna hatari ndogo ya usingizi kama kwenye upasuaji wowote. Na anaweza kupona halafu ugonjwa ukarudi ndani ya miezi.

Kimya. Kisha baba mdogo akasema: "Mganga hakuniambia ubaya wowote. Mchungaji hakuniambia ubaya wowote. Huyu ananiambia ubaya kabla hajashika hela yangu. Huyu nitamsikiliza."

Ndipo daktari akauliza swali moja kabla ya kukata simu. "Mgonjwa mwenyewe amesemaje?"

Tulikuwa tumekaa kwa muda wa saa nne. Mama yuko chumba cha pili, mlango uko wazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza, na mimi ndiye mtoto wa kwanza.

Naendelea baadaye, nimetoka zamu.

---

Ngosha wa Igoma

Pole sana dada. Nimeweka kambi hapa.

Maswali mawili. Moja, mlipomuuliza alisema nini? Pili, umeme unatibuje huzuni? Mimi ni fundi umeme, nimepigwa na fezi mara tatu, sijawahi kutoka hapo nikiwa na furaha.

---

Mtumishi Pasiansi

Dada nakuheshimu na nampa pole mama. Lakini mtu akisema utumbo wake umeoza na yeye ni maiti, hiyo ni roho ya mauti, haihitaji waya. Mnawapa madaktari kichwa cha mama yenu kwa sababu mmechoka kuomba.

---

Binti wa Mwaloni

Mtumishi, mjomba wangu alisema kama wewe, na sikumkasirikia maana alikuwa anampenda dada yake. Maombi hayakukoma. Mchungaji wetu alitusindikiza kwenye basi la kwenda Nairobi kwenye matibabu, kuanzia Nyamhongolo hadi Sirari na akaomba pale mpakani. Lakini mama alikuwa na siku ya nne bila kumeza maji. Wakati ule kusubiri nako kulikuwa uamuzi, na ungeweza kumuua.

Ngosha, tulipomuuliza alisema, "Fanyeni, maiti haiulizwi." Kikao kikachukua hilo kama ndiyo. Mimi pia nililichukua. Leo nikilifikiria najua haikuwa ndiyo, ulikuwa ugonjwa unaongea.

Tulikwenda Nairobi kwa sababu mdogo wangu ameolewa huko, anakaa Kayole, tungepata pa kulala. Tuliuza injini ya mtumbwi, Yamaha ya marehemu baba. Hospitali sitaitaja, sitaki uzi ugeuke tangazo.

Siku ya kwanza. Hajala tangu usiku. Walimpima moyo, damu, wakamwangalia meno kama kuna linalocheza. Nesi akainama mpaka usawa wa uso wake akamwambia kila kitakachofanyika, hatua kwa hatua, japo mama alikuwa anaangalia ukuta. Kisha akamuuliza, "Mama, leo unakubali?" Mama hakujibu. Daktari alikuja kwangu na kwa mdogo wangu, akatueleza kwamba kwa hali yake ya leo hawezi kuamua, kwa hiyo wanaendelea kwa saini yetu kwa sababu maisha yake yako hatarini, lakini watamuuliza kila mara, na siku atakapoweza kujibu, jibu lake ndilo litakalofuatwa. Nilisaini mkono unatetemeka.

Mlango ulifungwa, nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa nasubiri ukelele kama wa kwenye ile video. Haukuja. Dakika ishirini na tano baadaye nimeitwa, nimemkuta amelala ubavu anakoroma. Alipoamka hakujua yuko wapi, akaniita kwa jina la dada yake. Nusu saa akanitambua. Kichwa kilimuuma siku nzima, na taya.

Ya pili hakuna kilichobadilika. Nikampigia baba mdogo nikilia.

Baada ya ya tatu, jioni, mdogo wangu alimpa chai kwa kijiko kama kawaida. Mama akameza, akamwangalia, akasema, "Hii chai haina tangawizi."

Sijui nieleze vipi. Ni miezi mitano alikuwa hajalalamikia chochote cha dunia hii.

Ya tano, nesi akamuuliza kama kawaida, "Mama, leo unakubali?" Mama akauliza, "Nikikataa?" Nesi akamwambia, "Ukikataa tunarudisha kitanda wodini, hakuna atakayekulazimisha." Mama akafikiri. Akasema, "Basi endeleeni. Lakini huyu binti yangu anishike mkono mpaka nilale." Wakaniruhusu. Zilikuwa mara nane jumla, Jumanne na Ijumaa, wiki nne.

---

Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi hapa Mwanza na nimewahi kusimama upande wa mtaalamu wa usingizi kwenye tiba hii. Niruhusuni nimjibu fundi.

Ngosha, kinachotibu siyo umeme. Kinachotibu ni ule mtukutiko wa ubongo, yaani degedege ya muda mfupi, na umeme ni kiberiti tu cha kuuwasha. Ushahidi ni kwamba ulianza bila umeme. Mwaka 1934, Budapest, daktari Ladislas Meduna aliwachoma wagonjwa sindano ya kafuri, hii hii kafuri mnayoijua, ili wapate mtukutiko. Nadharia yake kuhusu kifafa na magonjwa ya akili ilikuwa na makosa, lakini aliona baadhi ya watu waliokaa kama magogo wanaamka na kuongea. Shida ni kwamba mgonjwa akichomwa kafuri hujui degedege itakuja saa ngapi, na anasubiri kwa hofu kubwa. Mwaka 1938 kule Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini wakatumia umeme badala yake kwa kuwa ni wa haraka.

Shangazi wa dada yetu hakukosea kabisa basi. Ni kweli mwili unapewa mtukutiko. Lakini kifafa ni ugonjwa wa mtukutiko kujirudia wenyewe. Huu unawashwa mara moja, unakaa kama sekunde 20 mpaka dakika moja, unazimika. Na mnaosikia kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate, hapana, si kifafa wala hiki.

Ile video nayo ina asili yake. Miaka ya mwanzo walifanya mgonjwa akiwa macho, watu wanamkandamiza. Watu walivunjika mifupa ya mgongo, meno yaling'oka. Dawa ya kulegeza misuli ilipoanza kutumika vizuri miaka ya 1950, pamoja na usingizi, mambo yakabadilika: unachokiona leo ni kidole cha mguu kinachezacheza. Kuna mkanda wa presha tunaukaza kwenye mguu mmoja kabla ya dawa ya kulegeza, ili ule mguu pekee utuonyeshe mtukutiko umeanza na umeisha saa ngapi. Umeme wenyewe unapita sekunde chache tu.

Kufanya bila usingizi ni kosa, na nasema hivi kwa sauti kwa sababu kuna nchi zilichelewa kuacha. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba kufanya hivyo kukome. India walikupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2017. Popote mtakapompeleka mgonjwa wenu, swali la kwanza liwe: mtaalamu wa usingizi yupo? Oksijeni ipo? Kama hakuna jibu, ondokeni.

Vifo ni nadra mno, karibu viwili katika kila mara 100,000 ya tiba. Mtu aliyeacha kula na kunywa kwa sonona yuko karibu zaidi na kifo kuliko hapo.

---

Mkazi wa Kamanga

Nimesoma yote. Mimi siyo ndugu wa mgonjwa. Mimi ndiye niliyefanyiwa.

Ilikuwa mwaka 2014, mtoto wangu wa kwanza ana miezi kumi. Nilikuwa nimeishiwa, sitaki kumshika mtoto, nilikuwa na mawazo ya kufa. Mume wangu alisaini. Mimi niliambiwa ni sindano ya kunipumzisha. Nikaamka kichwa kinauma, kesho kutwa yake tena sindano ya kunipumzisha. Mara sita. Nilikuja kujua ni umeme kutoka kwa wifi yangu, kwa bahati mbaya, tukiwa tunaosha vyombo.

Nilipona? Ndiyo, sonona iliondoka, nilirudi kazini. Lakini mwaka wa kwanza wa mtoto wangu sina. Naonyeshwa picha nimembeba ufukweni, nimevaa gauni nalijua, na sioni chochote kichwani. Hatua zake za kwanza nimesimuliwa. Nilipowaambia hospitali, wakasema ni ugonjwa wenyewe ndio unaosahaulisha, nisilaumu tiba. Labda sehemu ni ugonjwa. Lakini walisema haraka sana, kama watu walioliandaa jibu.

Nesi, naomba ujibu hili: kwa nini hamtuambii?

---

Nesi Mstaafu

Mwanangu, pole, na hukustahili kufanyiwa vile.

Tuliogopa. Hilo ndilo jibu la kweli ninaloweza kulitoa kwa upande wangu. Tuliogopa mkijua mtakataa, na tukaona mkikataa mtakufa. Lakini wewe siyo wa kwanza kulisema, na wenzetu wameshaliandika. Utafiti wa Edinburgh uliochapishwa mwaka 1980 uliwahoji watu 166 waliopata tiba hii. Wengi walisema haikuwatisha sana wala haikuwa na maumivu, na wengi walisema imewasaidia. Lakini wengi wao walilalamikia kumbukumbu, na wengi walisema hawakuelezwa vya kutosha. Mwaka 2003 London, wakakusanya tafiti za maoni ya wagonjwa wenyewe na kukuta angalau theluthi moja wanasema kumbukumbu zilipotea na hazikurudi. Aliyeongoza kazi hiyo, Diana Rose, mwenyewe aliwahi kupata tiba hii, na nadhani ndiyo maana aliuliza maswali ambayo sisi tulioshika sindano hatukuyauliza.

Kwa hiyo ugonjwa unasahaulisha, ni kweli, na tiba nayo inasahaulisha, ni kweli pia. Kuna njia za kupunguza: kuweka vidude vya umeme upande mmoja wa kichwa badala ya pande mbili, kupunguza kiwango, kutoifanya mfululizo kila siku. Hupungua, haiishi.

---

Binti wa Mwaloni

Dada wa Kamanga, nimemsomea mama ulichoandika. Alinyamaza muda mrefu, akasema nikuandikie "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, na kwamba yeye naye ana picha zake.

Nilisema sitaficha, kwa hiyo nasema. Mdogo wangu wa mwisho aliolewa miezi minne kabla mama hajaanza kuumwa. Mama ndiye aliyeshona sare za wamama, ndiye aliyecheza mpaka asubuhi. Hakumbuki. Tulipomwonyesha video alilia, akasema, "Nimeiba harusi ya mwanangu mwenyewe." Tulimwambia hukuiba mama, ulikuwepo. Hilo halikumsaidia na sasa hatumwambii tena. Tunamwachia ahuzunike.

La pili ni la hela. Mama madeni yake yote aliyaweka kichwani. Nani kachukua gunia, nani kalipa nusu, nani wa Sengerema, nani wa Shinyanga. Aliporudi mwaloni akakuta mengine yamefutika. Wapo waliokuja wenyewe na hela mkononi, Mungu awabariki, mmoja alikuja na shilingi laki tatu na nusu ambazo hakuna mtu mwingine aliyezijua. Na wapo waliomsalimia wakapita. Namba ya siri ya M-Pesa aliisahau, tukazunguka na kitambulisho wiki nzima. Kwa hiyo mnaojiandaa, chukueni daftari kabla ya siku ya kwanza. Madeni, namba za siri, mchango wa kikoba uko kwa nani, hati ya kiwanja iko wapi. Mwenyewe aandike kama anaweza, kama hawezi aambie mtu anayemwamini. Hili hakuna daktari aliyetuambia, tumejifunza kwa kuumia.

Lakini mama hana kinyongo na tiba. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini wewe dada una kinyongo na yeye hana, wakati wote mmepoteza. Anasema, "Mimi niliambiwa nitapoteza. Nilipopoteza, nilijua nimelipa nini na nimenunua nini. Huyo mwenzangu walimchukulia mfukoni."

---

Mkazi wa Kamanga

Mwambie mama mhola, nimeitikia salamu yake. Nimelia. Ndivyo ilivyo, walinichukulia mfukoni. Miaka yote nimekosa neno la kuwaambia watu.

---

Mzee Igogo

Mimi bado sikubaliani. Ubongo siyo redio, ukigongwa unaanza kuongea. Leo kapona, miaka kumi ijayo mtatuletea uzi wa kichaa. Mwili wa binadamu haukuumbiwa umeme.

---

Binti wa Mwaloni

Mzee wangu, shikamoo. Sikubishii hofu yako, baba mdogo alikuwa nayo hiyo hiyo na bado anayo kidogo. Siku tuliyorudi alimkalisha mama akampa hesabu za gunia na bei ili aone kama akili iko sawa. Mama akamkosoa bei. Tangu hapo baba mdogo ananiambia, "Sijaupenda umeme, ila shemeji yangu yupo."

---

Kijana wa Nyegezi

Naomba msaada wenu. Kaka yangu ana baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda juu sana na kushuka chini sana. Ameshalazwa mara tatu, safari hii ni upande wa juu, wiki ya tano halali, anaongea mpaka sauti imekatika, amegawa vitu vya dukani, dawa hazimshiki. Anatumia lithiamu na kabamazepini. Daktari ametaja tiba hii. Kikao cha ukoo ni Jumamosi na shangazi yetu ndiye mkubwa, ameshasema hapana. Je, tiba hii si ya huzuni peke yake?

---

Nesi Mstaafu

Siyo ya huzuni peke yake. Hutumika pia kwa msisimko mkali wa muda mrefu ambao dawa zimeshindwa, na kwa wale wanaokauka kama mti bila kuongea wala kusogea.

Dawa zake zitajeni zote kwa daktari na kwa mtaalamu wa usingizi. Kabamazepini ni dawa ya kuzuia degedege, kwa hiyo inapigana na kile tiba inachotaka kukiwasha. Lithiamu inaweza kuongeza kuchanganyikiwa baada ya tiba. Mara nyingi hupunguzwa au husimamishwa kwa mpango. Msiache wenyewe nyumbani, waacheni wao wapange.

Na jambo moja ambalo familia nyingi hulikosea: tiba ikiisha, dawa haziishi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliwafuata watu waliopona sonona kwa tiba hii. Waliopewa vidonge vya bandia baada ya hapo, 84 kati ya 100 waliugua tena ndani ya miezi sita. Waliopewa lithiamu pamoja na dawa ya sonona walikuwa 39. Bado ni wengi, lakini hiyo ni tofauti ya maisha ya watu. Nimeona mgonjwa anarudi nyumbani mzima, ndugu wanatupa vidonge wakisema umeme umemaliza kazi.

---

Binti wa Mwaloni

Nesi, hilo la dawa lilitugusa. Mama mwezi wa tano baada ya kurudi alianza tena kuamka saa nane usiku. Safari hii alisema mwenyewe, asubuhi ile ile, "Naona kinakuja." Daktari akaongeza lithiamu. Tukapita salama.

Wiki hiyo mama aliniita na daftari lile la madeni. Ukurasa wa nyuma akanielekeza niandike, yeye akasaini, baba mdogo akasaini. Imeandikwa hivi: nikiacha kula siku mbili, nipelekwe hospitali, nisipelekwe Magu. Wakisema umeme, nimekubali, lakini niambiwe kila mara hata kama sijibu, kwa sababu nilikuwa nasikia. Nishikwe mkono. Na picha za harusi zisiwekwe ukutani.

Hilo la "nilikuwa nasikia" sikulijua mpaka siku ile. Yale maneno ya Buswelu, saa nne zote, mlango ukiwa wazi, aliyasikia. Kuna mambo aliyasahau kwa umeme. Hayo anayakumbuka.

Kijana wa Nyegezi, kaka yako asikae chumba cha pili.

---

Kijana wa Nyegezi

Nimekuelewa dada. Nimeongea naye jana, alitulia kama dakika kumi. Amesema anaogopa kusahau nyimbo, yeye ni mpiga kinanda kanisani. Nimeiandika kama swali la kwanza la daktari. Naye atakuwepo Jumamosi, tumekubaliana akichoka atatoka nje na mimi.

Shangazi anasema hawezi kusikiliza daktari wala mtu wa mtandaoni, anataka amsikie mtu mzima mwenzake aliyefanyiwa.

---

Binti wa Mwaloni

Mama amekubali. Namba nimekutumia kwa ujumbe wa pembeni. Shangazi apige Ijumaa jioni baada ya saa kumi na mbili, maana asubuhi mama anapokea mzigo kutoka kisiwa cha Goziba na mwaloni kuna kelele, hatasikia. Anasema shangazi aulize lolote, hata la aibu. Na kaka yako naye akae karibu na simu, ana jambo anataka kumwambia yeye mwenyewe kuhusu nyimbo: za kwaya za utotoni, yeye hakusahau hata moja.